Katibu Aweze Kuiuliza Kanzidata ya Chama Chake

(Maneno ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika katika semina ya makatibu wa vyama vya msingi)



Katika ukaguzi wa msimu mmoja nilikuta chama chenye wanachama wawili wenye jina moja, na majina ya baba zao pia ni mamoja. Kilo 214 za kahawa za mmoja ziliandikwa katika ukurasa wa mwenzake. Karani hakuiba, alisoma jina, akaandika. Aliyepunjwa alidai haki yake kwa miezi minne. Hata alipolipwa, imani yake kwa chama ilikuwa imekwisha pungua.

Kisa hicho ndicho kilichonipeleka darasani. Nilijiandikisha katika kozi ya kanzidata kwa wanaoanza, jioni mbili kwa juma, bila kuacha kazi. Nilidhani tutaanza na mashine. Kumbe tulianza kwa kalamu na karatasi, tukichora majedwali.

Msingi wa elimu hiyo uliwekwa mwaka 1970 na Edgar Codd, mtaalamu wa kampuni ya IBM, alipoeleza jinsi ya kuweka kumbukumbu katika majedwali yanayohusiana. Kwa chama cha kahawa, jedwali la kwanza ni la wanachama: namba, jina na kijiji. La pili ni la mapokezi: namba ya stakabadhi, tarehe, namba ya mwanachama na kilo. La tatu ni la malipo. Jina huandikwa mara moja tu, katika jedwali la kwanza. Kwingine hutumika namba, na namba moja haipewi watu wawili. Kanzidata iliyopangwa sawasawa huukataa mzigo wa namba isiyosajiliwa.

Baada ya kupanga, tulifundishwa kuuliza. Kwa lugha iitwayo SQL, mistari michache yatosha kupata jumla ya kilo za kila mwanachama, au orodha ya walioleta kahawa na hawajalipwa. Katika leja, kazi hiyo hula siku kadhaa.

Hata hivyo, tusidanganyane. Karani akiandika namba ya mwanachama mwingine, kompyuta itaipokea. Kwa hiyo asome jina linalotokea, mkulima akisikia. Mizani ikipunja, kompyuta itautunza upunjaji huo kwa unadhifu. Stakabadhi za karatasi zihifadhiwe, na nakala ya kanzidata iwekwe mahali pengine kila juma. Msimu wa kwanza leja iendelee. Jumla mbili zikitofautiana, sababu itafutwe kabla ya malipo.

Wako wasemao, "Tutamwita fundi kutoka mjini." Na aje. Lakini akiondoka na siri ya mfumo, chama kitakuwa mpangaji katika nyumba yake chenyewe. Katibu asiyeweza kuiuliza kanzidata atawajibu nini wanachama mkutanoni?

Nashauri kila chama kipeleke watu wawili, katibu na karani, katika kozi ya jioni msimu ukiisha, ili mmoja akiondoka elimu ibaki. Programu ya mazoezi si lazima inunuliwe. LibreOffice Base hutolewa bure. Waanze na wanachama hamsini, walinganishe na leja, kisha waendelee.

Kilo za mkulima ni jasho lake. Tuziandike mahali zitakapoonekana.