Nani Aliyekula Kuku Wako?



Asubuhi mtu anafungua banda, anakuta manyoya yametapakaa, tetea wawili hawapo na wa tatu amelala bila kichwa. Afanyalo mwenye kuku wa mjini wakati huo mnalijua. Anatazama ukuta wa jirani. Kama jirani ana paka, basi kesi imekwisha kabla haijasikilizwa, na jioni yake kipande cha nyama chenye sumu kinarushwa ng'ambo ya ukuta.

Nataka kuisikiliza kesi hiyo leo. Kuku sita wa uani si jambo dogo. Ndio daftari la mtoto, ndio nauli ya kwenda msibani, ndio kitoweo cha mgeni aliyekuja bila taarifa. Mwenye kuku ana haki ya kukasirika. Tatizo ni kwamba hasira yake mara nyingi inamwangukia asiyehusika, na mla kuku anarudi usiku unaofuata.

Mtaani kwetu, huku pembezoni mwa Dar es Salaam, mzee mmoja aliliwa kuku kwa wiki mbili, akatega sumu. Wakafa paka watatu na mbwa wa lindo wa nyumba ya pili. Kuna mtoto aliyekiokota kile kipande cha nyama, dada yake akawahi kumpokonya. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi wakafikishana kwa mjumbe. Kuku nao wakaendelea kuliwa, na kwa kuwa paka hawapo tena, panya wakazaliana hata vifaranga wakaanza kutoweka. Mla kuku alikuja kujulikana siku aliponaswa mle mle bandani. Alikuwa kanu. Simaanishi kile chama cha jirani zetu wa kaskazini. Namaanisha mnyama mwembamba mwenye madoadoa, mkia mrefu wenye pete, anayekwea ukuta na mti kuliko paka.

Kumbe mzee yule angejiuliza maswali mawili tu. La kwanza, kuku wanaliwa usiku au mchana? La pili, kimebaki nini?

Ukikuta kuku wengi wamekufa, wameraruliwa, lakini hawakuliwa sana, na wavu umekunjwa au mlango umevunjwa, huyo ni mbwa. Mbwa huua kwa mchezo. Paka wa mjini kwa kawaida haangaiki na kuku mkubwa anayeweza kumpiga mabawa usoni. Yeye ni mtu wa vifaranga, na huacha mabawa na manyoya. Kuku aliyeumwa shingoni, kichwa na kidari vimeliwa, na mlango haukuguswa, fikiria kanu, kisha tazama juu, kwenye mwanya kati ya ukuta na paa. Kicheche naye huja usiku. (Najua watu wa mjini wakisema kicheche wana maana yao nyingine. Mimi nazungumzia mnyama mweusi mwenye michirizi meupe na harufu mbaya.)

Nguchiro ni wa mchana. Wale wenye milia hutembea kundi zima, na wakipata yai hulirusha kinyumenyume kati ya miguu yao ya nyuma lipasuke kwenye jiwe. Ukiona maganda karibu na jiwe moja, usimshitaki mtu mwingine. Mayai yakitoweka bila hata kipande cha ganda, huenda ni nyoka, kwa maana nyoka humeza yai zima. Kwa wanaokaa karibu na mabonde na mito, kenge naye yumo katika orodha. Vifaranga waliovutwa mpaka kwenye shimo la ukutani ni kazi ya panya.

Mchana kweupe vifaranga huchukuliwa na mwewe, na siku hizi zaidi na kunguru. Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wenyeji. Waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka, wakavuka bahari, na leo wanaimiliki Dar es Salaam. Takataka wanazila, na mayai na vifaranga pia.

Na kama kuku hayupo, unyoya haupo, damu haipo, na komeo limefunguliwa vizuri kabisa? Mnyama wa namna hiyo ana miguu miwili, na kesi yake ni ya polisi.

Sasa dawa. Dawa ni banda, wala sina nyingine ninayoiamini kama hiyo. Ule wavu mwembamba tunaouita wavu wa kuku unamzuia kuku asitoke, lakini mbwa anaupasua kwa meno. Tafuta wavu mgumu wa chuma, wenye matundu madogo. Tundu linalopitisha kidole gumba linampitisha panya mdogo. Uchimbie chini futi 1, au uulaze juu ya ardhi kuelekea nje na kuukandamiza kwa mawe, kwa sababu mnyama huanza kuchimba pale pale ukuta unapogusa ardhi. Ziba mwanya wa juu. Weka kichanja cha kulalia mbali na wavu: wale kuku wasio na vichwa mara nyingi walilala wameegemea wavu, wakavutwa kutoka nje. Mlango uwe na komeo la kweli, wala si kamba na msumari, na ufungwe kabla ya giza.

Pumba zilizobaki usizilaze bandani, maana huita panya, na panya humwita nyoka. Fyeka majani, okota mayai kila siku. Vifaranga wawekwe chini ya tenga majuma ya kwanza. Wako wanaowapaka vifaranga rangi ya zambarau ili kumchanganya mwewe. Siwakatazi, ila mimi naliamini zaidi tenga.

Siafu wasisahauliwe. Kuku anayeatamia hayaachi mayai yake, na siafu wanaweza kummaliza hapo hapo usiku. Simamisha miguu ya kichanja ndani ya makopo yenye oili chafu.

Liko jambo moja la mwisho ambalo wengi hawalifikirii. Kuku akifa usiku kwa ugonjwa, mbwa au panya atamla, na asubuhi utadhani ameuawa. Tazama jeraha. Kama halina damu, huenda kuku alikuwa amekwisha kufa. Tazama na wenzake: wakisinzia, wakiharisha kijani, wakipinda shingo, hicho ni kideri, nacho hufagia banda zima kwa siku chache. Wavu haukizuii. Chanjo ya I-2 ni tone 1 jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi 3, na hutolewa kwa kuku wazima kabla ugonjwa haujaingia. Muulizeni afisa mifugo wa kata yenu, na mwende pamoja na jirani mwenye kuku, maana kichupa kimoja kinatosha nyumba nyingi na kikishafunguliwa hakihifadhiki.