Yanayosemwa na Udongo wa Kibanja, na Yasiyosemwa

Majani ya mgomba yanapogeuka manjano na kulegea ilhali mvua haijakatika, wakulima wengi mkoani Kagera hudhani kwanza kwamba udongo umechoka, na dhana hiyo ina msingi wake. Kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba, ni udongo uliorutubishwa kwa mikono ya vizazi vingi, kwa samadi na kwa nyasi zilizokatwa kwenye rweya, ambayo ni mbuga iliyo nje ya makazi. Ng'ombe wakipungua na nyasi zisipoletwa tena, mvua nyingi za kando ya Ziwa Viktoria huosha virutubisho vilivyosalia, hasa potasiamu, ambayo mgomba huihitaji kwa wingi.

Hata hivyo, cheti cha maabara kinachoonyesha kiwango cha uchachu wa udongo, naitrojeni, fosforasi na potasiamu hakitaji vimelea vya magonjwa, kwa sababu upimaji wa kawaida hauvitafuti. Kwa hiyo panga hutangulia maabara. Shina likipasuliwa karibu na ardhi na kuonekana mistari ya rangi ya kahawia yenye wekundu, huku majani makuukuu yakiwa yamevunjika na kuning'inia kama sketi, huo ni mnyauko wa fuzari, unaoletwa na kuvu wa udongoni. Lakini shina likitoa utomvu mzito wa manjano dakika chache baada ya kukatwa, na ndizi zilizoiva kabla ya wakati zikawa na madoa ya kutu ndani, huo ni mnyauko wa bakteria, ambao wengi mkoani humo huuita unyanjano, uliobainika Uganda mwaka 2001 na kufika Kagera mwaka 2006.

Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuamua fedha ya mkulima iende wapi. Bakteria wa unyanjano husambazwa na wadudu wanaotua kwenye ua dume na kwa mapanga yasiyosafishwa, na hawadumu muda mrefu udongoni bila mgomba, hivyo mbolea haiwazuii; kinachowazuia ni kuvunja ua dume mapema kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, kuunguza panga motoni kila baada ya shina moja, na kung'oa shina lililougua. Ni jambo la kusikitisha kwamba wako wakulima waliouza mbuzi ili wanunue mbolea ya kutibu ugonjwa ulioingia kwa panga la kuazima.

Kwa upande wa fuzari, upimaji wa udongo una nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa mbegu za kuvu huyo hulala ardhini kwa miaka mingi na ugonjwa hukolea penye uchachu, ingawa chokaa na mboji hupunguza makali yake tu bila kuumaliza. Migomba ya kupikwa ya nyanda za juu huhimili aina za kuvu zilizozoeleka katika ukanda huu, ila migomba ya ndizi za kisukari hudhurika upesi, na chipukizi lililong'olewa kwenye shina gonjwa hubeba kuvu ndani ya tunguu lake, hata likipandwa katika udongo ambao maabara imeusifu kwa kila kipimo.