Dokta Remmy na Wimbo wa Soksi

(Mazungumzo ya Ofisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo, Kinondoni, Dar es Salaam)

 

Leo sizungumzi juu ya mbolea wala juu ya choo bora. Nitazungumza juu ya wimbo. Najua wako wanaosema moyoni, "Mwalimu leo kachoka kazi." Sijachoka. Nataka tumtazame mwanamuziki mmoja aliyefanya kazi yetu sisi watu wa elimu, akaifanya mahali ambapo sisi tulishindwa kupita.

Huyo ni Remmy Ongala. Ukipanda daladala ya Sinza utamsikia konda akiita, "Kwa Remmy! Wapo wa kushuka kwa Remmy?" Ndiye huyo huyo. Alikaa hapo, na kituo kikachukua jina lake. Ninyi mtakaosoma maneno haya gazetini mkiwa Kilosa au Sengerema, mjue kwamba Sinza siku hizi imo katika Wilaya ya Ubungo. Lakini Remmy alipokuwa hai ilikuwa ndani ya Kinondoni, kwa hiyo sisi huku bado tunamhesabu wetu.

Hakuzaliwa hapa. Alizaliwa mwaka 1947 mjini Kindu, mashariki ya Kongo. Baba na mama walifariki yeye akiwa bado mtoto, na shule akaiacha mapema. Muziki ndio uliomlea. Mwaka 1978 alikuja Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake. Baadaye akaingia bendi ya Matimila, nayo ikaja kuitwa Super Matimila. Mwaka 1988 bendi hiyo ilikwenda Ulaya, na mwaka 1989 ikarekodi Uingereza. Watu walimwita Dokta. Hakuwa daktari wa hospitali. Mwenyewe alisimulia kwamba alizaliwa tayari ana meno, na mama yake akaonywa asimnyoe nywele. Ndiyo maana mlimwona na misokoto ile.

Alipenda kuimba habari za mnyonge na habari za kifo. Watu wakifika dansini kufurahi, yeye anawaimbia kifo, na wanacheza! Lakini leo nataka wimbo mmoja tu, ule wa "Mambo kwa Soksi", uliotoka karibu na mwaka 1990.

Ili tuuelewe, turudi nyuma kidogo. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi hapa nchini walitambuliwa mwaka 1983 katika Mkoa wa Kagera. Ilipofika mwaka 1986, mikoa yote ya Bara ilikuwa imekwisha kuripoti wagonjwa. Miaka mitatu tu! Na dawa za kufubaza virusi hazikuwapo. Kuzitoa bure katika hospitali zetu kulianza mwaka 2004. Wazee mliokuwapo mnajua zaidi yangu mimi, maana wimbo huu ulipotoka mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Kule Kagera watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa cha magendo kilichotoka Uganda. Huku Dar es Salaam vijana walifanya lao. Walichukua herufi nne za jina la Kizungu, A, I, D na S, wakazitungia sentensi: Acha Iniue, Dogodogo Siachi. Ninyi mnajua kusoma, hebu zitazameni zile herufi za kwanza. Zimekaa sawasawa. Aliyetunga alikuwa na akili, lakini akili yake aliitumia vibaya, kwa sababu mzaha huu ulikuwa unaua. Kijana akiusema mbele ya wenzake wakacheka, kesho ataona haya kuonekana anajihadhari.

Wakati huo sisi watu wa elimu tulikuwa na nini? Mabango na semina. Bango lilitaka mtu ajuaye kusoma, na semina ilitaka mtu aliyealikwa. Na lile neno lenyewe, kondomu, lilikuwa zito mdomoni. Nani angelitamka mbele ya mkwewe?

Basi Remmy akaliacha neno hilo akasema soksi. Angalieni alivyochagua. Soksi kila mtu anaijua. Inavaliwa. Haina aibu, unaweza kuitaja sokoni, unaweza kuitaja mbele ya mtoto. Mtu akisikia anacheka kwanza, na akishacheka mdomo wake umefunguka, anaweza kuuliza swali. Ule mzaha wa herufi nne ulikuwa umejibiwa kwa mzaha mwingine.

Radio Tanzania haikuupiga wimbo huo. Lazima tufahamu uzito wa jambo hili. Wakati ule redio ya Bara ilikuwa moja tu, maana redio za watu binafsi zilianza miaka ya 1990 wimbo ukiwa umekwisha kutoka. Bendi zilirekodi nyimbo kwenye redio hiyo hiyo, na maneno yalipitiwa kwanza. Kwa hiyo wimbo uliokataliwa pale ulikuwa umefungiwa mlango mkubwa.

Wakubwa wa redio siwalaumu kwa yote. Redio ya miaka ile ilikuwa moja katika nyumba, baba mkwe yupo, mama mkwe yupo, watoto wako mkekani. Tena wako waliosema, na mpaka leo wapo, kwamba kutangaza kondomu ni kuwafungulia vijana mlango wa zinaa. Mwenye dini yake ana haki ya kusema hivyo. Lakini kwa maoni yangu kuuzuia ilikuwa kosa. Ugonjwa ulikuwa unaingia katika nyumba hizo hizo, na wenyewe haukupiga hodi.

Wimbo ulipita njia nyingine. Ulipita kumbini na kwenye kaseti. Nyimbo za dansi letu, mnazijua, mara nyingi zina sehemu mbili. Kwanza gitaa zinakwenda taratibu, mwimbaji anatoa kisa chake, na watu wanasikiliza. Kisha gitaa zinachemka na hapo ndipo jasho linapotoka. Ile sehemu ya kwanza ni darasa! Mwalimu yuko mbele, wanafunzi wamenyamaza, na hakuna aliyelazimishwa kuhudhuria. Wamelipa kiingilio wenyewe. Mimi darasa langu ni la bure na mahudhurio mnayajua.

Nitawapeni mfano wa kwangu. Siku moja, katika somo la afya, niliandika neno kondomu ubaoni. Kina mama wakainamisha vichwa. Kina baba wakatazama dirishani. Nikasimama na chaki yangu kama mtu aliyepotea njia. Mzee mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, si soksi ya Remmy hiyo?" Darasa zima likaangua kicheko, na baada ya hapo maswali yalikuja mengi mpaka giza likaingia.

Swali moja lilitoka kwa mama mmoja. Alisema, "Mwalimu, soksi si hufuliwa ikavaliwa tena?" Watu walicheka, lakini mama yule alikuwa ameona mbali. Hapo ndipo fumbo la Remmy linapoishia. Soksi ya mguuni hufuliwa. Hii nyingine hutumika mara moja tu ikatupwa, na kabla ya kuivaa tazama tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti. Tarehe ikiwa imepita, usiitumie. Hilo wimbo hauwezi kulimaliza. Wimbo hufungua mlango, halafu lazima aje mtu wa kusema waziwazi, na tena awepo anayeweza kuisoma ile pakiti.

Baada ya Remmy wengine walifuata. Miaka ya 2000 kijana Ferooz aliimba "Starehe", habari ya mtu aliyeponzwa na anasa, na vijana wa bongo fleva wakaijua kwa moyo. Remmy mwenyewe aliokoka, akaacha dansi, akaimba nyimbo za Injili. Alifariki nyumbani kwake Sinza tarehe 13 Desemba 2010.

Haya, toeni madaftari. Kila mmoja afikirie wimbo mmoja alioupenda ujanani, wa bendi au wa ngoma ya kwao, nisiambiwe sikumbuki. Andika jina la wimbo na jina la mwimbaji. Chini yake andika kwa maneno yako mwenyewe jambo moja ulilojifunza kwake. Kama wimbo wako una fumbo, andika fumbo hilo linaficha nini. Asiyemaliza leo akamalizie nyumbani. Alhamisi tutasomeana kwa sauti, na tutaanza na Mzee wa nyuma.