Kumpata Fundi wa Kuchuja Maji ya Kisima: Mada kwa Wenye Nyumba wa Arusha na Meru



Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru tunaweza kuchimba kisima kikatoa maji maangavu, yasiyo na harufu, na bado yasifae kumnywesha mtoto kila siku. Floraidi haionekani. Inatoka kwenye miamba ya volkano, na maji yetu ya ardhini, yenye magadi mengi na kalisi kidogo, huiyeyusha kwa urahisi. Madhara yake tunayajua: meno ya kahawia kwa watoto walioinywa wakati meno yakijengeka ndani ya ufizi, na kwa waliokunywa nyingi kwa miaka mingi, mifupa inayouma na miguu inayopinda. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliwahi kuruhusu hadi miligramu 4 kabla ya kukishusha kiwango hicho.

Hoja yangu ni moja: fundi alipwe kwa maji yaliyopimwa bombani, si kwa mtambo aliofunga ukutani.

Mara nyingi mazungumzo huanza kwa kuuliza, "Fundi, chujio la nyumba ni bei gani?" Hapo tayari tumemwachia muuzaji aamue maji yetu yana tatizo gani. Naye, bila nia mbaya, atatuuzia anachokijua. Mchanga huzuia tope. Mkaa wa kawaida hupunguza harufu na klorini. Taa ya mionzi huua vijidudu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotegemewa kuondoa floraidi. Kuchemsha nako hakusaidii, maana maji hupungua na floraidi hubaki palepale.

Kwa hiyo kipimo kitangulie, na sampuli aipeleke mwenye nyumba mwenyewe kwenye maabara ya maji. Aombe vipimo vya floraidi, chuma, ugumu wa maji, naitreti na bakteria wa kinyesi. Ya bakteria huchukuliwa kwa chupa iliyotakaswa na maabara, ikawahishwa ikiwa ya baridi. Majibu ya jirani yasitutulize, kwani visima viwili vilivyo karibu vinaweza kutofautiana sana. Tujihadhari pia na kile kipimo kidogo cha mkononi ambacho baadhi ya mafundi hukichovya kwenye glasi kikatoa namba. Kinakadiria jumla ya chumvi zilizoyeyuka. Kuhusu floraidi hakisemi lolote.

Majibu yakionyesha floraidi imezidi, njia mbili ndizo zinazofaa kujadiliwa na fundi. Ya kwanza ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapahapa Meru, kimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Ubora wake uko kwenye uchomaji. Mifupa isiyoiva vizuri huyapa maji harufu mbaya, na iliyoungua ikawa nyeupe hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kunasa floraidi. Muulize fundi mkaa umechomwa wapi na mifupa ni ya mnyama gani. Kwa familia nyingi hilo ni suala la imani, na wana haki ya kujibiwa kwa uwazi. Mkaa huu hujaa. Ukijaa, maji hupita yakiwa na floraidi yake, na macho hayatakuonya.

Ya pili ni mashine ya utando, inayoitwa RO. Huondoa floraidi na chumvi pia, lakini huhitaji msukumo wa kutosha, ambao kwa kawaida hutegemea umeme, na nyingi za nyumbani humwaga maji mengi kuliko yanayochujwa. Chuma na ugumu huziba utando, na klorini huharibu aina nyingi za utando huo. Fundi anayeifunga bila kuuliza majibu ya maabara hajaanza kazi yake.

Hakuna haja ya kuchuja tangi zima. Familia ya watu sita hutumia takribani lita 40 hadi 50 kwa siku kwa kunywa na kupikia. Bomba moja la jikoni linatosha. Maji ya kufulia na kudekia yatoke tangini moja kwa moja. Hapo gharama hupungua sana. Lakini ukiyachuja maji kisha ukatia magadi kwenye maharage, unaweza kuirudisha floraidi sufuriani, kwa kuwa magadi ya kwetu mara nyingi huwa nayo.

Makubaliano yaandikwe. Yaseme floraidi itakayotoka bombani haitazidi miligramu 1.5 kwa lita, mkaa au utando utabadilishwa lini, na nani na kwa bei gani. Sehemu ya malipo, hata robo, ibaki mkononi mwa mwenye nyumba hadi kipimo cha pili, miezi mitatu baada ya kufunga. Fundi anayejiamini atakubali. Anayetaka fedha zote kabla ya kipimo hicho tumwombe atupeleke kwa mteja aliyemfungia mwaka uliopita, tuchukue sampuli kwenye bomba lile.

Napendekeza tujadili kuungana kwa mtaa: nyumba kumi zipeleke sampuli zao siku moja, zimwite fundi mmoja, na zibadilishe mkaa kwa pamoja. Nyumba moja haitoshi kumfanya fundi arudi kutoka mjini kila mkaa unapojaa. Kumi zinatosha.