Faida ya Kusoma Ng'ambo: Tuliyoyaona Korogwe na Handeni

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Mwenyekiti ametutaka tuseme juu ya vijana kwenda vyuo vikuu vya ng'ambo. Sisi ni watu wa duka. Elimu yetu ni ya chuo, tena chuo cha mkeka, juzuu kwa juzuu mbele ya mwalimu. Wala hatukupata kukaa katika dawati la chuo kikuu hata siku moja. Lakini aliyenunua mahindi na maharage Korogwe na Handeni kwa miaka kumi na minane hakosi kuona mambo, na hayo ndiyo tuliyokuja nayo.

Mjuavyo, sisi wa kisiwani twavuka kwenda Tanga, kisha twapanda Korogwe. Na pindi bei ya Korogwe ikitushinda twashika njia ya Handeni, kilomita 65 hivi. Nchi ile ni ya Wazigua, Wasambaa na Wabondei, watu wa jembe na wa mkonge. Mpitaji mwenye haraka huona magunia tu, nasi kwa miaka mingi tuliona magunia tu.

Siku moja mwenyeji wetu wa Korogwe alitwambia kuwa mjukuu wake alikuwa katika watoto waliopigwa sindano ya malaria ilipokuwa ikijaribiwa. Tulidhani anatutania. Kumbe ni kweli tupu. Kati ya 2009 na 2014 chanjo iitwayo RTS,S ilijaribiwa katika nchi saba za Afrika, vituo 11, na viwili katika hivyo vilikuwa vya Tanzania: Bagamoyo na Korogwe. Watoto waliochunguzwa katika nchi zote walizidi 15,000. Chanjo hiyo haikuondoa homa yote. Kwa watoto wa miezi 5 hadi 17 waliopata sindano nne, ilipunguza ugonjwa kiasi cha theluthi. Lakini theluthi ya msiba wa malaria si kitu kidogo kwa mama aliyekesha na mtoto, na mwezi wa Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likashauri itumike kwa watoto wa Afrika.

Tukauliza: ni nani walioifanya kazi hiyo pale Korogwe? Tukajibiwa kuwa ni Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ikishirikiana na wanavyuo wa Copenhagen na London. Na kwamba miongoni mwa mabingwa wetu wamo waliokwenda kusomea huko huko ng'ambo, kisha wakarudi. Hapo ndipo tulipoifahamu faida. Mgeni peke yake angekuja kuhesabu mbu wetu na kuondoka na daftari lake. Mwenyeji aliyesoma naye darasa moja huketi naye meza moja, huuliza maswali yake mwenyewe, na humweleza mama wa kijijini kwa lugha aijuayo kwa nini mtoto wake anatolewa damu.

Wako wazee wetu wasemao: mtoto akienda huko atapotea. Hofu hiyo hatuidharau. Lakini wanavyuoni wetu wenyewe hawakukaa nyumbani. Sayyid Ahmad bin Sumait alifika Istanbul, Misri na Hadhramaut. Sheikh Abdalla Bakathir alitoka Lamu, akasoma Makka na Hadhramaut, ndipo akasomesha Unguja, na kizazi baada ya kizazi tumekunywa kisima chao. Safari ya elimu hatukufundishwa na Mzungu.

Kadhalika familia ya Kayamba, ambayo asili yake ni Wakilindi, watawala wa Usambara. Mzee Hugh Kayamba alisoma Kiungani, kisha miaka ya 1880 akapelekwa shule ya Bloxham, Uingereza. Mwanawe Martin, aliyezaliwa Mbweni hapa Unguja mwaka 1891, ndiye aliyeanzisha Tanga, mwaka 1922, chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Na mwaka 1931 akaenda London kutoa ushahidi juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Msisahau kwamba mpaka Oktoba 1961, chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa na wanafunzi 13 wa sheria, kijana wa Handeni aliyetaka chuo kikuu hakuwa na budi kuivuka mipaka, walau hadi Makerere.

Leo vyuo viko, hata hapa kisiwani. Basi hatusemi kila kijana aende. Aende yule ambaye elimu aitakayo haipo hapa, au ipo nusu.

Na sasa tuseme la aibu yetu. Miaka michache iliyopita tulimpa wakala mmoja fedha za msimu mzima wa maharage ili kijana wetu apate nafasi chuoni ng'ambo. Barua ilikuja, ina muhuri mzuri mno. Tulipoipeleka kuulizia, chuo chenyewe hakikutambuliwa. Fedha hazikurudi. Laiti tungekwenda kwanza Tume ya Vyuo Vikuu, inayotambua vyeti vya nje, tusingelia. Kijana yule sasa yuko dukani nasi, na kila tukimtazama akipima sukari moyo hutuuma.

Tena mkumbuke Sudani. Vita vilipozuka Khartoum, Aprili 2023, Watanzania waliokuwako, wengi wao wanafunzi, walitolewa kupitia Ethiopia. Mzazi aijue nchi amtumayo mwanawe.

Na nafasi za ufadhili zibandikwe ukutani zisomwe na wote, mtoto wa mvuvi na mtoto wa mkubwa. Hili tutalisema bila kuchoka.

Ndugu, yuko binti wa mwanachama wetu aliyepata nafasi ya kusomea maradhi ya watoto. Chuo chake tumekiulizia, kinatambuliwa. Ada analipiwa, nauli hana, na babake ni mchukuzi bandarini. Sisi tumekwisha kuandika letu. Daftari liko dukani kwetu, juu ya mzani, kuanzia leo baada ya Isha mpaka Ijumaa ijayo.