Rafiki wa Nyumba ya Pili



Sisi wa Newala tunaujua upepo. Asimamaye pale Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, akalitazama bonde la Ruvuma chini yake, huiona mvua ikija kabla haijamfikia. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuendelea hata Aprili, nasi huzipokea kwa shukrani, maana huku juu hatuna mito. Kwa wengi wetu paa la bati ndilo kisima: maji huteremka mferejini hadi kwenye pipa au tangi. Hivyo upepo uking'oa bati, nyumba ile hupoteza sitara na maji kwa usiku mmoja.

Mwaka 2019, Alhamisi katika juma la Pasaka, tarehe 25 Aprili, tulikingoja kimbunga kilichoitwa Kenneth. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetuonya sisi wa Mtwara, pamoja na wenzetu wa Lindi na Ruvuma. Tukasali. Jioni ile kimbunga kikaingia nchi kavu kusini kwetu, katika jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, kwa upepo wa kilomita zipatazo 220 kwa saa. Katika kisiwa cha Ibo nyumba nyingi zilibomoka. Makumi ya watu walikufa katika nchi ambayo majuma sita tu kabla ya hapo ilikuwa imepigwa na kimbunga Idai kule Beira. Sisi tukasema, "Mungu ametuepusha." Tulisema kweli, ila tulisema upesi mno. Wamakonde wapo pande zote mbili za Ruvuma; ng'ambo wapo wajomba zetu na shangazi zetu. Shukrani isiyomkumbuka aliyepigwa ina upungufu, nasi tunaukiri upungufu huo.

Miaka mitano baadaye kikaja Hidaya. Jumamosi tarehe 4 Mei 2024 kilifika pwani yetu karibu na Mafia, na mafuriko yakaikata barabara itokayo Dar es Salaam kuja Lindi na Mtwara, kule Somanga wilayani Kilwa. Mabasi na malori yakakwama kwa siku kadhaa. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Sita ya Pasaka, na Injili ya siku hiyo ilitoka Yohane sura ya 15, pale Bwana anapokataa kuwaita wanafunzi wake watumwa, akawaita rafiki. Hakuna aliyeichagua kwa ajili ya kimbunga. Ndivyo kalenda ilivyoangukia. Lakini tujiulize: barabara ikikatika, ni rafiki gani atakayetufikia? Mwanao aliye Dar es Salaam anakupenda, naye atatuma fedha kwa simu ikiwa mtandao upo. Kushika ngazi hawezi. Atakayeishika ni yule wa nyumba ya pili.

Tunamfahamu mama mmoja mjane, wa kijiji kimoja humu uwandani, ambaye upepo ulimwondolea mabati matano. Alilala siku mbili jikoni na wajukuu wake, asimwambie mtu. Wanajumuiya walipogundua na kumwuliza, alijibu, "Sikutaka kuwasumbua, wanangu." Baadhi yetu tulimlaumu. Baadaye tulitambua kwamba kwa siku mbili hizo tulipita mlangoni pake tukienda shambani, tukamsalimu, akaitikia, tukaendelea na safari. Paa lilikuwa wazi mbele ya macho yetu.

Wapo watakaotukumbusha methali kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hiyo ni ya kweli, lakini inamsema mwenye jembe asiyetaka kulima. Haimsemi bibi asiyeweza kupanda darini. Hata Mtume Paulo, mtu wa kazi aliyejishonea mahema, alipovunjikiwa na jahazi na kutupwa kisiwani Malta, alipokea moto uliowashwa na watu asiowajua, kwa sababu ya mvua na baridi. Matendo ya Mitume sura ya 28 inasimulia jambo dogo ambalo huwa tunaliruka haraka ili tufike kwenye habari ya nyoka: Paulo naye alikusanya kuni. Alipokea moto na kuuchochea. Mjane wetu naye, paa lake lilipopigiliwa misumari, aliwapikia mafundi uji, na hakuna aliyeukataa.

Na wale wa Malta hawakuwa Wakristo. Hapa Newala, jirani aliye karibu nawe mara nyingi ni Mwislamu. Upepo haumwulizi mtu anasali wapi, wala anayeomba kamba hapaswi kuulizwa. Jumuiya yetu ikihesabu nyumba za kusaidiwa, izihesabu zote za njia ile.

Basi kabla ya Novemba, viongozi wa jumuiya na makatekista tunawaomba mambo machache. Waandikeni wazee wanaoishi peke yao na wagonjwa wasioweza kutoka. Jueni nani ana ngazi, nani ana nyundo, na nyumba ipi ni imara, yenye nafasi ya kulaza watoto wa wengine usiku mmoja. Kagueni misumari ya mapaa wakati jua lingali linawaka. Tena mwulizeni kila mzee, kwa adabu na bila haraka, angependa aitwe nani usiku wa dhoruba. Jina atakalolitaja liandikwe, na mwenye jina hilo aambiwe Jumapili hiyohiyo.