Tubishane Kabla Fedha Haijatoka: Nakisi, Mikopo na Bajeti Zetu za Kigoma



Nimeombwa nizungumzie katika semina hii mvutano wa kisiasa kuhusu matumizi ya Serikali na nakisi ya bajeti. Mabishano ya fedha za umma tunayo mengi nchini. Kinachonisumbua ni kwamba yanazuka fedha ikiwa imeshatumika, au mkopo ukiwa umeshasainiwa.

Tuanze na hapa nyumbani. Aprili 2018, Zitto Kabwe, wakati huo Mbunge wa Kigoma Mjini, aliibua hoja ya shilingi trilioni 1.5. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Profesa Mussa Assad, ilionyesha makusanyo ya trilioni 25.3 na matumizi ya trilioni 23.79. Zitto akauliza tofauti hiyo imekwenda wapi. Serikali ikatoa ufafanuzi bungeni, wapinzani wakaukataa, na nchi nzima ikagawanyika. Lakini mwaka wa fedha uliogombaniwa ulikuwa umefungwa tangu Juni 30, 2017. Hata angeshinda nani, hakuna matumizi ambayo yangeweza kuzuiwa tena.

Miaka mitatu baadaye mvutano ukazuka ndani ya chama tawala chenyewe. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa takriban shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000. Mwishoni mwa Desemba, Spika Job Ndugai akahoji hadharani: kipi bora, kukopa au kubanana wenyewe kwa tozo? Akaonya kwamba kwa deni la trilioni 70 nchi inaweza kupigwa mnada. Rais Samia Suluhu Hassan akajibu kuwa Serikali itaendelea kukopa ili ikamilishe miradi. Januari 6, 2022 Spika akajiuzulu. Swali lake lilikuwa halali kabisa, na lilistahili siku nzima ya mjadala bungeni kabla ya Septemba. Liliulizwa Desemba, mafundi wakiwa wanapaua madarasa, na likageuka kuwa suala la nani kamkosea nani.

Kwa nini tunachelewa hivi? Sehemu ya jibu imo kwenye Katiba. Ibara ya 99 inalizuia Bunge kushughulikia jambo la kuongeza kodi au matumizi mpaka Rais alipendekeze kupitia kwa waziri. Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali. Marekani wabunge wakishindwa kuelewana, baadhi ya ofisi za serikali hufungwa na watumishi wengi hukaa bila mshahara. Kwetu anayekaa roho juu ni mbunge. Sishangai basi kwamba bajeti ya trilioni 49.35 ya mwaka 2024/25 na ile ya trilioni 56.49 iliyofuata zilipita, huku hoja kali zikisubiri ripoti ya mkaguzi.

Mara moja hoja ilitangulia fedha. Januari 2020 Zitto aliiandikia Benki ya Dunia akitaka mkopo wa elimu wa dola milioni 500 usitolewe, kwa sababu wasichana waliopata mimba walikuwa hawaruhusiwi kurudi shuleni. Wengi walimwita msaliti. Mkopo uliidhinishwa Machi mwaka huo, na katazo likaja kuondolewa Novemba 2021. Mtu anaweza kumuunga mkono au kumpinga; mimi linaloniuma ni kwamba uamuzi kuhusu mabinti zetu ulijadiliwa Washington kwa sababu Dodoma haukupata nafasi.

Sasa turudi mwaloni. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, samaki wapate kuzaliana, kipindi hicho kilikanyaga miaka miwili ya fedha: mwezi na nusu upande huu wa Juni 30, mwezi na nusu upande wa pili. Nendeni mwalo wa Kibirizi muone maana yake. Mama anayeanika dagaa akikosa mzigo hana cha kulipia ushuru, na mashine ya kukusanyia mapato haitoi risiti. Halmashauri inayotegemea ushuru wa mazao ya uvuvi inapata pengo la mapato wakati uleule ambapo mvuvi anahitaji zaidi mkopo wa vikundi, ile asilimia 10 inayotoka kwenye mapato hayohayo. Hiyo ni nakisi, hata kama hakuna waziri anayeisoma bungeni. Na yenyewe, tofauti na ile ya Hazina, tunaijua mapema: tarehe za kufunga ziwa zinajulikana, na makadirio yanaandaliwa miezi kadhaa kabla.

Siwalaumu maofisa mipango. Ukomo wa bajeti unashushwa kutoka juu, vipaumbele vya kata vinakatwa ili vienee, na muda ni mfupi. Lakini rasimu inapita kwenye kamati za madiwani na Baraza kabla ya kwenda mkoani, na hapo hakuna Ibara ya 90 inayomtisha diwani.

Hata reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506 zilizosainiwa Desemba 2022, ambayo naitaka kwa moyo wote, itatuletea maswali ya gharama za huku kwetu: barabara za kufika stesheni, masoko, maji. Nani atalipia, na kwa kukata nini?

Kwa hiyo naomba semina hii ikubaliane jambo moja. Rasimu ya makadirio ya halmashauri, kurasa za mapato ya ndani na za miradi ya kata, ibandikwe kwenye mialo ya Kibirizi, Katonga na Ujiji angalau wiki mbili kabla ya kikao cha Baraza cha bajeti, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka. Diwani wa kila kata aitishe mkutano juu yake, na maswali ya wananchi yaingizwe kwenye muhtasari wa Baraza pamoja na majibu.